Chujio Lililosahauliwa Ndani ya Gari la Familia

Mazungumzo na wenye magari na madereva, Base Camp, Nakivale



Huenda mlitutarajia tuzungumzie leseni na mwendo wa kasi. Hayo tumeyasema mara nyingi, na tutayasema tena. Leo tumekuja kwa ajili ya kitu chenye ukubwa wa daftari la shule, ambacho wengi wenu mnacho garini bila kujua.

Wakati wa mvua za masika, alfajiri moja, tulilisimamisha gari la familia lililokuwa likipanda vilima vya Isingiro kuelekea Mbarara. Dereva alikuwa ameinamia usukani, mkono mmoja ukipangusa kioo kwa leso. Nyuma walikuwamo mama mgonjwa na watoto wanne, na vioo vyote vimefunikwa na ukungu wa pumzi zao. Tulipomwuliza kwa nini hawashi feni, alijibu kuwa imewashwa hadi mwisho. Kweli, ilinguruma, lakini upepo haukutoka. Fundi mmoja alikuwa amemwambia kwamba kompresa ya kiyoyozi imekufa, naye alikuwa akidunduliza fedha za kununua nyingine.

Mwenzetu mmoja, mpenzi wa magari, alikifungua kisanduku kilicho mbele ya abiria akavuta chujio. Lilitoka jekundu kama tofali, na juu yake kiota cha panya: maganda ya karanga, mabua ya mahindi, vipande vya karatasi. Feni ilipowashwa tena, kioo kilianza kusafika kabla hatujamaliza kuandika namba ya gari. Tungeweza kumfungulia kosa la kuendesha bila kuona mbele. Tulimwacha aende, kwa sababu ya mgonjwa.

Chujio hilo si lile la injini, ambalo hukaa chini ya boneti. Hili husafisha hewa mnayoivuta ninyi na watoto wenu. Tangu mnapoiacha lami, hasa kiangazi cha Juni hadi Agosti, lori moja likikutangulia hulilisha vumbi la kutosha. Likijaa, feni huchoka, kiyoyozi huonekana kibovu, na abiria hufungua madirisha wakameza vumbi lote.

Kuna kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Kibonyezeni mnapokuwa nyuma ya lori, kisha mkiondoe. Kikiachwa safari nzima, hewa huchakaa, dereva husinzia, na mvua ikinyesha vioo huziba. Wakati wa mvua ingizeni hewa ya nje na kuwasha kiyoyozi, maana hukausha unyevu.

Tena, msilitegemee chujio hili kuzuia moshi wa injini. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, hupita humo, nayo huua. Mkisikia moshi ndani ya gari, au abiria wakilalamika kichwa na kichefuchefu, simameni, fungueni milango, tokeni wote, kisha ekzosi ikaguliwe.

Kulibadilisha ni kazi ya robo saa. Zima gari, chomoa ufunguo. Katika magari mengi ya Kijapani tuliyo nayo, chujio liko nyuma ya kisanduku cha upande wa kushoto. Toa vitu vyote, fungua kamba ndogo iliyo pembeni ikiwapo, kisha bana kuta zake mbili kwa ndani, kitashuka. Nyuma yake kuna kifuniko chenye vishikizo. Kifungue taratibu, na kabla ya kulivuta chujio tazama mshale uliochorwa ubavuni umeelekea wapi. Livute likiwa limelala, lisimwage taka ndani ya feni. Pangusa nafasi yake kwa kitambaa kibichi, ingiza jipya mshale ukielekea vilevile. La karatasi halioshwi kwa maji. Hulegea na kupitisha vumbi.

Watengenezaji wengi hutaja kilomita 15,000 au mwaka mmoja. Kwa barabara zetu, lichungulieni kila miezi mitatu. Magari mengine, hasa ya zamani, hayana chujio hili kabisa, na mengine yana nafasi tupu ambayo hakuna aliyewahi kuijaza.

Mkienda dukani Mbarara, chukueni la zamani mkononi pamoja na namba ya chesisi, kwani magari mawili ya jina moja huweza kutofautiana. Na fundi akisema kompresa imekufa, mwombeni kwanza awaonyeshe chujio. Fundi mwaminifu hakasiriki. Akichukua fedha kwa spea ambayo hakuifunga, tuleteeni risiti na spea ya zamani. Bila hivyo viwili tunahangaika sana kuwasaidia.

Sasa tusogee kwenye lile gari chini ya mti. Mwenyewe ameturuhusu. Mwenye simu yenye taa nzuri na asimame mbele, na wale wenye kifua kibaya wakae upande unakotoka upepo.