NDUGU ZA MNAZI NA MAKAO YAO

Maneno yangu leo ni juu ya jamaa moja ya miti ambayo kila mtu wa pwani ameiona, lakini ni wachache waijuao yote. Ni jamaa ya mnazi. Nataka kuwaeleza ni ndugu gani wa mnazi walio wenyeji hasa wa nchi zetu, kila mmoja hukaa mahali gani, na kwa nini yatupasa kuyajua makao yao.

Wako wasikilizaji wetu wakaao Mabibo, katika viunga vya Dar es Salaam, mtaa uliokuwa zamani wa Wilaya ya Kinondoni na sasa ni wa Wilaya ya Ubungo. Hao walijua neno bibo kabla ya kujua kusoma: ni tunda la mkorosho, lile lenye maji, ambalo korosho huning'inia chini yake. Lakini mkorosho si mti wa hapa. Asili yake ni Brazili, nao uliletwa pwani hii na Wareno. Basi mtaa umepewa jina la tunda la mgeni.

Wengi watajibu, Vema, mkorosho ni mgeni, lakini mnazi ni wetu. Mnazi nao ni mgeni, ijapokuwa ni mgeni wa siku nyingi sana. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mnazi ulianza kulimwa mahali pawili: upande wa kusini wa Bara Hindi na visiwa vyake, na katika visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki. Toka huko ulichukuliwa vyomboni na mabaharia hata kufika kwetu. Mnazi ni mti wa mtu. Mtu huupanda, huupalilia, na akiuacha, magugu na miti mingine huuzonga na kuunyima jua. Ndugu zake wenyeji hawakupandwa na mtu. Wao hukaa mahali walipochagua wenyewe, na mahali pale pakiharibika, hawana pa kwenda.

Kwanza tujue jamaa hii ni ya namna gani. Mwembe huongeza unene mwaka hata mwaka, na ukiukata tawi, gome lake hulifunika jeraha polepole. Mnazi sivyo. Mnazi ni ndugu wa mahindi na nyasi kuliko wa mwembe. Hupata unene wake kwanza, kisha hupanda juu tu, na jeraha lake halifunikwi kamwe. Ndiyo sababu vidato alivyovichonga mkwezi zamani, alipokuwa kijana, huonekana shinani hata awapo mzee. Tena uhai wake wote umo kichwani, katika ule moyo mweupe wa kilele uitwao kichilema. Mwembe ukikatwa kichwa huchipuka ubavuni. Mnazi ukikatwa kichilema hufa. Neno hili tulishike, maana tutalirudia.

Duniani jamaa hii ina aina zaidi ya 2,500. Bara la Afrika, kwa ukubwa wake wote, lina aina zisizofika 100, hali kisiwa cha Madagaska peke yake kina aina 200 hivi. Basi sisi si matajiri wa miti hii, na mtu mwenye vichache hana budi kuvitunza. Wazee wetu walivijua. Kwa Kiswahili hakuna jina moja la kawaida la jamaa yote. Kila mti una jina lake, kwa kuwa kila mti ulikuwa na kazi yake.

Wa kwanza ni mkindu. Huu ni ndugu wa karibu wa mtende wa Uarabuni, lakini tende zake ni ndogo, na nyama yake ni chache. Haukai peke yake kama mnazi, bali huota vigogo vingi katika shina moja, vyembamba, vilivyoinama kila upande. Mahali upendapo ni kandokando ya mito, mabonde yenye unyevu, na vinamasi. Msafiri akiona kichaka cha mikindu katika nchi kavu hujua kwamba maji hayako mbali. Katika misitu ya Mto Tana, Kenya, yuko kima mmoja aitwaye mangabei wa Tana, asiyeonekana mahali pengine po pote duniani, na chakula chake kikubwa kimoja ni matunda na mbegu za mkindu. Kwa watu mkindu ni mama wa mkeka. Majani yake machanga huchanwa, huanikwa, hutiwa rangi, kisha husukwa ukili, na kili zikiunganishwa ndipo mkeka upatikanapo.

Wa pili ni mwale. Huu hutaka maji kuliko mkindu. Husimama ndani ya kinamasi cha maji matamu na katika mabonde ya misitu. Kuti lake ni moja katika makuti makubwa kabisa ya ulimwengu. Huweza kufika futi 60, yaani kupita urefu wa minazi mingi. Upongoo wake ni mwepesi na mgumu, nao hufanywa milango, ngazi na mapaa. Matunda yake yamefunikwa magamba yaliyopangwa kama ya kakakuona. Na ajabu yake kubwa ni hii: shina la mwale hukaa miaka mingi bila ya ua, kisha huchanua mara moja tu, huzaa, na kufa. Yuko ndege mkubwa mweupe na mweusi wa jamaa ya tumbusi, ambaye ndugu zake hula mizoga, lakini yeye hupenda zaidi nyama ya matunda ya mwale na ya mchikichi. Kinamasi kikikaushwa, mwale hufa, na ndege yule huhama.

Wa tatu ni mvumo, mti mrefu wa fahari, wenye majani kama mapepeo. Hufika futi 60 na zaidi, na ukishakuwa mzima huvimba katikati ya shina. Iko mivumo dume na mivumo jike, na jike peke yake ndio uzaao. Makao yake ni nyanda za mito, ambako juu ni nyasi na chini ya ardhi maji hayako mbali. Atakaye kuiona kwa wingi na aende kwenye maziwa ya Mto Rufiji, katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotengwa mwaka 2019 katika nchi ya Pori la Akiba la Selous. Mbegu ya mvumo ikiota haitoi jani juu mara moja. Kwanza huteremsha chipukizi chini ya udongo, na mche huanza huko chini, mahali ambapo moto wa nyika haufiki. Tembo hula matunda yake na kuzipeleka mbegu mbali. Gogo lake ni gumu, na mchwa huliweza kwa shida.

Wa nne ni mkoma, ambao wengine huuita mkoche. Huu ni tofauti na ndugu zake, maana huweza kukaa katika mchanga na katika nchi kavu, ingawa mizizi yake nayo huyatafuta maji ya chini. Pwani yetu ina aina mbili: mmoja mfupi, wa vigogo vingi, na mmoja mrefu ambao shina lake hugawanyika mara mbili, na kila upande mara mbili tena. Jambo hili ni nadra katika jamaa ya mnazi. Majani yake hutoa miyaa, na kwa miyaa husukwa majamvi, vikapu na kamba.

Wa tano watu wengi wa bara hawajausikia. Ni mpapindi, mti wa kisiwa cha Pemba. Vigogo vyake ni vyembamba, vyenye pete kama mwanzi, navyo hufika futi 40 hivi. Mtaalamu wa Marekani, Harold E. Moore, aliuandika katika vitabu vya elimu mwaka 1962. Jamaa zake wa karibu wako Madagaska na visiwa vya Ngazija. Huku kwetu haupatikani kwa asili ila Pemba, hasa katika msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi ya kisiwa. Msitu ule ni mabaki ya mwitu uliokatwa sehemu nyingine kwa ajili ya mashamba. Ukipotea mpapindi wa Pemba, hakuna mahali pa kwenda kuomba mbegu.

Labda mtu atasema, Miti hii ya mwitu ina faida gani kushinda mnazi? Na asikilize habari ya mchikichi. Huu ni mwenyeji wa Afrika ya Magharibi na ya Kati, nasi twaujua sana upande wa Kigoma. Mwaka 1848 miche 4 ilipandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Jawa. Wakati ule ilikuwa miti ya kutazamwa tu. Leo Indonesia na Malaysia ndizo za kwanza duniani kwa mafuta ya mawese, na nchi za Afrika huyanunua kwao. Mti wetu umewatajirisha wengine kwa sababu wao waliuangalia kwa jicho la kuuliza.

Sasa nakuja katika neno lililo kubwa. Mmesikia kwamba katika ndugu hawa watano, wawili hukaa majini au kando ya maji, na wawili huyafuata maji yaliyo chini ya ardhi. Miti hii ni kama maandishi juu ya nchi. Mkindu husema, Hapa maji hupita. Mwale husema, Hapa maji hulala. Aliyejua kuyasoma maandishi haya hakujenga nyumba yake mahali pale. Alilima mpunga, au aliacha mwitu.

Katika mji mkubwa maandishi hayo yamefutwa. Bonde la Mto Msimbazi hutoka katika vilima vya Pugu na Kisarawe, likapita katikati ya Dar es Salaam mpaka baharini, na vijito vya upande wa Mabibo na Ubungo humwaga maji yake humo. Watu wakiona bonde tupu wakati wa kiangazi, hudhani ni uwanja usio na mwenyewe. Mwenyewe hurudi masika. Mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha, bonde likajaa, watu zaidi ya 40 wakafa mjini, na wengi walionusurika walihamishiwa Mabwepande. Sisemi kwamba mikindu ingaliyazuia maji yale. Nasema kwamba mahali pa mkindu ni mahali pa maji, na maji hayasahau njia yake.

Basi nina mashauri matatu. La kwanza ni la wasukaji na wakata majani. Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipokatazwa Tanzania Bara, kikapu kimerudi sokoni. Ni jambo jema, lakini kikapu hutaka majani. Chukua jani changa moja katika kigogo, kisha nenda kwenye kingine, wala usiguse kichilema. Mkindu una ndugu wengi katika kichaka na huweza kuchipuka tena, lakini ukikata kila kilele kila mwezi, hata kichaka huchoka.

La pili ni la wagema. Wahenga walisema, mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mimi naogopa zaidi mgema anayeukata mvumo kichwa ili apate tembo la siku chache. Mnazi hugemwa katika karara lake, nao huishi. Mvumo uliokatwa kilele hufa, na mwingine wa kimo kile hutaka miaka kuliko umri wa mgema mwenyewe.

La tatu ni la watu wa mjini. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za kulitengeneza bonde la Msimbazi, na katika mpango ule imo bustani kubwa ya mji upande wa chini wa bonde. Bustani hutaka miti. Kabla ya kuagiza miti ya mapambo kutoka ng'ambo, na tukumbuke mkindu mahali penye unyevu, mwale mahali pa kinamasi, mvumo katika uwanda, na mkoma katika mchanga. Mwalimu wa shule na awapeleke watoto wakaitazame, wajifunze jina la kila mmoja na makao yake. Mtoto ajuaye kwamba mkindu ni alama ya maji, akiwa mtu mzima atajua mahali pa kujenga na mahali pa kuacha.

Mnazi utaendelea kupandwa, maana tunauhitaji kila siku jikoni. Ndugu zake hawaombi kupaliliwa. Wanaomba mahali pao tu, na mahali pao tukipaacha, na sisi tutasalimika masika ijapo.