MTO UNA WENYEWE

Maneno ya mazungumzo juu ya mashindano ya mitumbwi



Leo twapenda kuwazungumzia habari za mashindano ya mitumbwi. Si yale ya kuvuka ghuba kwa nusu saa huku watu wakishangilia pwani, bali ya kushuka mto siku tatu mfululizo. Tumeyachagua ya Afrika ya Kusini, katika jimbo la KwaZulu-Natal, kwa kuwa yana mafunzo kwa kila mtu akaaye kando ya mto, hata kama hajapata kushika kafi maishani mwake.

Mashindano hayo huitwa Dusi, kwa jina la mto Msunduzi. Huanza katika mji wa Pietermaritzburg, hufuata Msunduzi mpaka ukutanapo na mto Mngeni, kisha hushuka na Mngeni mpaka baharini katika mji wa Durban. Njia yote ni kama kilomita 120. Katikati yake liko Bonde la Vilima Elfu, ambalo ni makao ya Wazulu tangu zamani.

Aliyeyaanzisha ni Bwana Ian Player, yule aliyekuja baadaye kuongoza kazi ya kuwaokoa vifaru weupe wasiangamie. Desemba 22, 1951, watu wanane walitia mitumbwi yao majini. Njiani Player aliumwa na nyoka, lakini hakuacha safari. Alifika Durban baada ya siku 6, saa 8 na dakika 15. Na katika wale wanane, yeye peke yake ndiye aliyefika. Hapo twaona ukweli wa maneno ya wazee: maji usiyoyafika hujui kina chake.

Mtu asidhani kwamba kazi yenyewe ni kupiga kafi tu. Mto ule una mawe, maporomoko, kuta za kuzuia maji, na mapindo marefu. Penye hatari, au penye njia ya mkato, mshindani hutoka majini, hujitwika mtumbwi begani, hupanda kilima mbio, hushuka upande wa pili, kisha huutia mtumbwi majini tena. Siku ya tatu yuko mlima uitwao Burma Road, ambao huwatoa jasho hata mashujaa, maana hupandwa katika majira ya joto kali. Bwana Graeme Pope-Ellis, aliyeshinda mara 15 kati ya mwaka 1972 na 1990, alipata sifa kwa miguu yake kama kwa mikono yake.

Basi na tuulize: vilima hivyo ni vya nani? Ni vya wenyeji wa bonde. Mbio hizo hupita karibu na nyumba zao na mashamba yao, na watoto wao husimama kando kuwatazama wapitao. Lakini kwa miaka mingi wenyeji hao walikuwa watazamaji tu. Serikali ya ubaguzi wa rangi, iliyotawala tangu 1948 hata 1994, iliwatenga watu weusi na weupe katika michezo kama ilivyowatenga katika makao na shule. Tena mtumbwi wa mashindano ni kitu cha gharama, wala mtoto wa maskini hawezi kuununua.

Siku hizi, mwaka mmoja hushindania watu mmoja mmoja, na mwaka wa pili hushindania watu wawili katika mtumbwi mmoja. Mwaka 2008, Michael Mbanjwa alishinda pamoja na Martin Dreyer, akawa mtu mweusi wa kwanza kushinda Dusi. Ilikuwa imepita miaka 56 tangu mashindano ya kwanza. Mwaka 2014, Sbonelo Zondi naye alishinda pamoja na Andy Birkett. Dreyer alianzisha chuo cha kuwafundisha vijana wa bonde lile, na vijana hao wamekuwa washindani wa kuogopwa. Mcheza kwao hutunzwa. Lililokosekana halikuwa nguvu wala akili. Lililokosekana ni mtumbwi, mwalimu na ruhusa.

Lakini liko jambo la pili, nalo ni zito kuliko ushindi. Maji yenyewe yana uchafu. Washindani wengi huharisha na kutapika baada ya kuyanywa bila kupenda wanapopinduka, hata ugonjwa huo wameupa jina, tumbo la Dusi. Sababu yake yajulikana: maji machafu ya vyoo vya mjini huingia mtoni mabomba yapasukapo au yazibapo. Agosti 2019, mafuta mengi ya kupikia pamoja na dawa kali za kiwandani yalimwagika katika Msunduzi, na samaki wengi wakafa. Aprili 2022, mafuriko yaliua watu zaidi ya 400 katika jimbo hilo, yakaharibu pia mitambo ya kusafishia maji machafu.

Mshindani huyavumilia maji hayo kwa siku tatu, kisha huenda kwake kutafuta dawa. Je, yule mama wa bondeni afuaye nguo humo, na mtoto wake aogaye humo? Wao hawana siku ya mwisho ya mashindano. Wala si wao waliomwaga. Aliyemwaga yuko juu, naye hawaoni.

Nasi tuna mito yetu. Mto Ruvu hupata maji yake katika milima ya Uluguru, na maji hayo hunywewa na watu wa Dar es Salaam. Akataye miti mlimani, au achimbaye choo ukingoni, hufanya kazi ambayo matokeo yake humfikia mtu asiyemjua.

Kwa hiyo twawasihi mambo mawili. Kwanza, mchezo ukija katika mto wenu, msikubali vijana wenu wawe wa kupiga makofi tu. Waombeeni kafi na mwalimu tangu mwanzo, msingoje miaka 56. Pili, kabla ya kumlaumu aliye juu yetu, tutazame tunachomtumia aliye chini yetu. Wazee wakae na walimu, wautembee mto kwa miguu tangu mpaka wa kijiji hata mpaka, waandike kila mahali pachafu, na kila pahali pawe na mtu wa kupaangalia. Kazi hiyo ni ya siku moja, wala haihitaji fedha.