Mlaji Anapokuta Dosari Katika Sahani: Namna ya Kusema na Mgahawa Uupendao



Katika lugha ya sheria zetu, kila anayenunua bidhaa au huduma kwa matumizi yake huitwa mlaji. Anayenunua bati ni mlaji, anayekata tiketi ya basi ni mlaji, na anayeweka vocha katika simu yake ni mlaji pia. Leo nitamzungumzia mlaji kwa maana ya kwanza kabisa ya neno hilo: mtu aliyenawa mikono, akaletewa sahani, akaonja tonge la kwanza na kukuta kwamba chakula si kile alichokizoea. Tena si katika mgahawa wowote aliouingia kwa kupita njia. Ni katika ule aupendao, ambako wahudumu wanamjua kwa sura na mwenye mgahawa humuulizia watoto.

Huenda wapo wanaojiuliza taasisi ya umma inatafuta nini katika sahani ya pilau. Tarehe 15 Machi 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alipeleka ujumbe maalumu kwa Bunge la nchi yake, akataja haki nne za mlaji: haki ya usalama, haki ya kupewa taarifa, haki ya kuchagua na haki ya kusikilizwa. Tarehe hiyo ndiyo inayoadhimishwa hadi leo kuwa Siku ya Haki za Mlaji Duniani, na mwaka 1985 Umoja wa Mataifa nao ukapitisha miongozo yake ya kumlinda mlaji. Haki tatu za mwanzo tunazidai kwa sauti kubwa. Ile ya nne tunaiacha kabatini, kwa sababu hakuna awezaye kumsikiliza mtu ambaye hakusema.

Na sisi, ndugu zangu, hatusemi. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba chakula hakitiwi dosari. Ukikipenda ule, usipokipenda ukiache, na midomo ifungwe. Hayo ni malezi mema, na sitaki mtu atoke hapa akidhani nimeyapinga. Lakini malezi hayo yalimhusu mgeni mbele ya mwenyeji wake, aliyekirimiwa bure kwa kadiri ya uwezo wa nyumba. Mgahawani hukukirimiwa. Umelipa, na aliyepokea fedha amekubali kukupa kitu kinacholingana nayo. Kumwambia kwamba hakilingani si utovu wa adabu, mradi adabu ibaki katika namna ya kusema.

Tena tuangalie kinachotokea tunaponyamaza. Mteja wa miaka mingi hula nusu, hulipa, husema "asante, chakula kizuri", kisha haonekani tena. Mwenye mgahawa hajui. Anaona tu kwamba Jumapili meza zinabaki wazi, naye hudhani ni hali ngumu ya maisha, au ni mgahawa mpya uliofunguliwa ng'ambo ya barabara. Hupunguza bei, kisha hupunguza wafanyakazi. Huyo mama aliyekuwa akikuulizia watoto anaweza kufunga biashara pasipo kuambiwa hata mara moja kwamba tatizo lilikuwa mchele. Kwa maoni yangu, heshima ya namna hiyo ni ya kinywani tu.

Nimeutaja mchele kwa makusudi, maana hapo ndipo penye manufaa ya kusema kwa ufafanuzi. Mlaji akisema "pilau ya leo mbaya", mpishi hapati kitu cha kushika ila fedheha. Akisema "wali umeshikana na umelainika mno", mpishi mwenye uzoefu ataanza kufikiri mara moja. Mchele mpya, uliovunwa karibuni, una unyevu mwingi kuliko uliokaa ghalani. Ukipikwa kwa kipimo kilekile cha maji, hushikana. Kumbe gunia la wiki hii limetoka kwenye mavuno mapya, na mpishi hakubadili kipimo. Akiambiwa nyama ilikuwa ngumu, atakumbuka kwamba ililetwa asubuhi hiyohiyo kutoka machinjioni na haikuchemshwa muda wa kutosha. Mfano mwingine ni supu. Supu iliyo sawa saa moja asubuhi inaweza kuzidi chumvi saa saba mchana, kwa sababu sufuria imekaa motoni, maji yamepungua na chumvi imebaki palepale. Ndiyo maana katika kueleza dosari, saa uliyokula ni taarifa muhimu sawa na jina la chakula.

Basi iseme lini? Mapema, ungali na sahani mbele yako. Aliyekula matonge mawili akasema, neno lake lina uzito. Aliyefuta sahani kwa kidole kisha akadai kwamba chakula hakikuiva, hata mimi niliyeajiriwa kumtetea nitapata taabu kumtetea.

Mwite mhudumu karibu. Usimpigie kelele ukumbi mzima ukasikia. Unaweza kusema hivi: "Dada, samahani, naomba nikusumbue kidogo. Pilau ya leo imeshikana, na nyama ni ngumu. Nimeonja tu. Tafadhali wafahamishe jikoni, na kama kuna chakula kingine kilicho tayari, naomba nibadilishiwe." Maneno hayo yanataja kasoro mbili zinazoweza kuonekana kwa macho na kuhisiwa kwa meno, na yanaeleza unachokitaka. Wengi husahau hilo la mwisho. Hulalamika robo saa, na mhudumu hubaki amesimama asijue kama anatakiwa kuondoa sahani, kupunguza bei au kuomba radhi tu.

Hapa niseme neno juu ya huyo mhudumu. Yeye hakupika. Zipo sehemu ambako sahani iliyorudishwa hukatwa katika ujira wake wa siku, na ndiyo maana wakati mwingine hukunja uso ukimwambia. Hakukasirikia maneno yako, anahesabu hasara yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kiholela, sembuse kwa kosa la mtu mwingine. Kwa hiyo ukizungumza na mwenye mgahawa, ongeza sentensi moja: "Huyu kijana ametuhudumia vizuri, hana kosa." Haikugharimu kitu, na inaweza kumwokolea nauli ya kurudi nyumbani.

Kama mwenye mgahawa yupo, na mnafahamiana, ni bora zaidi kusema naye kando, baada ya wateja kupungua. Msalimie kama unavyomsalimia siku zote. Kama ni mtu wa kuamkiwa, mwamkie: "Shikamoo mama." Kisha mwambie kwamba umeona umweleze mwenyewe badala ya kunung'unika njiani. Usianze na sifa ndefu. Watu wetu ni werevu. Wakisikia sifa zimezidi, hujua kuna jambo linakuja, na zile sifa zote huharibika. Sifa moja ya kweli inatosha.

Wapo ambao ulimi huwa mzito ana kwa ana, au waligundua kasoro chakula kilipofika nyumbani kikiwa kimefungwa. Hao wanaweza kuandika ujumbe wa simu jioni hiyohiyo. Nitausoma mmoja kwa mfano:

"Habari za jioni, mama. Mimi ni mteja wako wa Jumapili, wa meza ya karibu na dirisha. Leo saa nane mchana tulinunua sahani tatu za pilau. Wali ulikuwa umeshikana na nyama ngumu, tukaacha nusu. Mhudumu alitupokea vizuri. Sidai fedha, nimeona vema ujue, kwa sababu Jumapili ijayo tuna wageni na tungependa kuwaleta kwako. Asante."

Ujumbe huo una siku, saa, idadi ya sahani na kasoro yenyewe. Hauna tusi wala kitisho. Ile sentensi ya "sidai fedha" iandikwe tu kama ni kweli hudai. Kama unadai, taja unachodai: sahani tatu zirudiwe, au nusu ya bei. Kuandika kwamba hudai na huku moyoni unasubiri kurudishiwa ni kumtega mwenzako.

Tunza risiti. Sheria za kodi zinamtaka muuzaji aitoe na mnunuzi aidai, lakini kwa mazungumzo yetu ya leo ina faida nyingine: imeandikwa tarehe, saa na kiasi, nayo humaliza ubishi wa "huenda ulikula kwingine". Kwa mama lishe asiye na mashine, kumbukumbu ya malipo katika simu yako inaweza kufanya kazi hiyo.

Kuhusu kupiga picha ya sahani na kuirusha mtandaoni kabla hujasema na mtu yeyote pale mgahawani, msimamo wangu ni kwamba iwe njia ya mwisho. Picha husafiri, maelezo ya mpishi siku ya pili hayaifikii. Ukishasema mara mbili na kupuuzwa, eleza hadharani yale uliyoyaona mwenyewe tu, usiongeze ya kusikia.

Sasa yapo mambo ambayo si ya ladha, na hayo upole wa kuombana hautoshi. Orodha ya bei ikisema kuku wa kienyeji, ukaletewa kuku wa kisasa kwa bei ya kienyeji, hapo hujakosewa na mpishi. Umepotoshwa na muuzaji. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo iliyokabidhiwa jukumu la kuisimamia. Wenzetu wa Kenya wameiweka haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili ndani ya Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 46.

Zito zaidi ni chakula kinachodhuru. Chakula kilichopikwa hakifai kukaa zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida la chumba. Kinatakiwa kiwe cha moto, juu ya nyuzi 60 za Selisiasi, au kiwekwe kwenye baridi. Wali uliolala na kupashwa juujuu ni hatari ambayo harufu haiionyeshi. Na sisi wa pwani tumjue jodari. Samaki huyu, na wengine wa jamii yake, akikaa juani kabla ya kuwekwa barafu, hujenga sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Ukimla ukahisi ulimi unawasha kama umetiwa pilipili isiyokuwapo, uso ukawa mwekundu na kichwa kikagonga, acha kula, waambie wenye mgahawa papo hapo ili wengine wasipewe, na uende kituo cha afya.

Hata hivyo, tuwe waangalifu kabla ya kumtuhumu mtu. Si kila tumbo linalouma limeharibiwa na mlo wa mwisho. Zipo sumu za vijidudu zinazomtapisha mtu ndani ya saa chache, lakini maambukizi ya salmonela kwa kawaida hujitokeza kati ya saa 6 na siku 3, na homa ya matumbo huweza kuchukua wiki moja hadi tatu. Kwa hiyo mgahawa wa jana unaweza kubebeshwa mzigo wa maji ya juma lililopita. Andika ulivyokula siku chache nyuma, uliza waliokula nawe kama nao wanaumwa, hifadhi mabaki kwenye jokofu kama yapo, na mpelekee taarifa afisa afya wa halmashauri yako. Usalama wa chakula tangu mwaka 2019 uko pia chini ya Shirika la Viwango, TBS. Taarifa ya namna hii si fitina, hata kama mwenye mgahawa ni jirani yako. Mtoto wa meza ya pili hana uzoefu wako wa kugundua kwamba samaki amebadilika.

Turudi kwenye pilau yetu, maana wengi wenu mtakutana na pilau kabla hamjakutana na sumu. Umeshasema, umesikilizwa, pengine umeombwa radhi. Rudi baada ya wiki moja au mbili, na uagize chakula kilekile. Ukiagiza kingine, hutajua kama neno lako lilifanya kazi, wala mpishi hatajua kama alilitengeneza. Kikiwa kimekaa sawa, mwambie mhudumu akapeleke salamu jikoni, kwa sauti ambayo safari hii meza za jirani zinaweza kuisikia. Kikiwa vilevile, mara ya pili sema kwa ufupi zaidi. Na ya tatu, uko huru kuvuka barabara ukajaribu kule kwingine, ukijua kwamba uliyemwacha anaelewa sababu.

Ninaona mikono imeshainuliwa kule nyuma. Mama aliyevaa kitenge cha bluu aanze na swali lake.