Siku Moja ya Likizo: Changamwe Mpaka Voi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi, Changamwe)



Tumeombwa tueleze habari za safari yetu. Tulikuwa watu wanane wa genge moja la kutengeneza njia ya zamani, pamoja na wake zetu na watoto. Miaka yote tumewapitisha abiria wa watu wengine. Kukaa kitini na tikiti mkononi, wengi wetu tulikuwa hatujapata.

Kwa muda wa miezi sita kila mmoja wetu aliweka akiba kidogo. Siku ilipofika tulitoka Changamwe alfajiri mpaka stesheni ya Miritini, tukapanda gari la asubuhi la reli mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017. Mwenzetu mmoja alitangulia kwa barabara na gari la kukodi, ili aturudishe jioni.

Baada ya Mariakani watoto walitafuta ndovu dirishani. Sisi tulitazama njia. Hii mpya upana wake ni milimita 1,435. Ile yetu ni mita moja tu. Tulipoingia pori la Taru, mzee wetu aliuliza: "Huku hakuna maji. Waliojenga reli walikunywa nini?" Jibu ni kwamba maji yaliletwa kwa gari kutoka nyuma, na gari likichelewa watu walikaa na kiu.

Voi tulishuka tukala chakula chetu kivulini. Kisha tuliona makaburi ya askari wa vita vya 1914 mpaka 1918, mawe yamepangwa safu safu na kuandikwa majina. Hapo tulikumbuka wenzetu wa kazi. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na kiasi cha 2,500 walikufa. Waafrika waliofyeka pori na kubeba mizigo hawakuhesabiwa vyema hivyo. Majina yao yako wapi?

Njiani kurudi, tulisimama Mackinnon Road, penye msikiti kando ya reli. Pale amezikwa Seyyid Baghali, aliyefanya kazi ya kujenga reli hii. Husemwa kwamba karai lake la mchanga lilielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Wasafiri wengi husimama hapo kuomba dua, hata wasio Waislamu. Tulifurahi kuona mfanyakazi wa reli akiheshimiwa namna ile.

Sasa, ndugu, neno letu ni hili. Mmoja wetu alikuwa ameuza livu yake miaka mitatu mfululizo, apate karo ya shule. Hatumlaumu; karo haingoji. Lakini siku ile binti yake alimwambia mama yake, "Leo baba hakusinzia." Baba alisikia, akanyamaza mpaka Mazeras. Tulipofika nyumbani alisema, "Mwaka huu siuzi."

Likizo si zawadi ya mwajiri. Mwaka 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli pamoja, waliacha kazi wakidai maisha ya kibinadamu. Leo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatupa siku zisizopungua 21 za kazi, kwa mshahara kamili, kila baada ya miezi 12. Tena siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Mwenye kuuza siku hizo huuza kitu kilichonunuliwa na wengine kwa taabu.

Basi tunaomba mambo mawili. Kila mwanachama aandike barua ya kuomba likizo yake mapema na kuweka nakala. Akinyimwa, ailete nakala hiyo kwa katibu wa tawi. La pili, tuanzishe kisanduku cha akiba ya safari. Mwakani tusiwe wanane.

Umoja ni nguvu.