Mpiga Kura wa Kiambere Hupimia Wapi?
Mhadhara wa umma kuhusu mchujo wa urais na dhana ya Mlima mmoja



Nimetakiwa nizungumzie mchujo wa urais, na nadhani nilitarajiwa nianze na nadharia. Nadharia mnazijua. Anthony Downs alishaeleza mwaka 1957 jinsi wagombea wawili wanavyomkimbilia mpiga kura aliye katikati, na waliomfuata wakaongeza kwamba mchujo humrudisha mgombea pembeni, kwa sababu wanaojitokeza siku hiyo ni wenye damu moto. Tuyaache hayo. Kilichonipandisha jukwaani ni kauli ambayo nimeisikia kwenye semina, redioni na hata matangani: kwamba mpiga kura wa wastani, yule anayekaa chini akampima kila mgombea kabla ya kuamua, hayuko Mlimani, yaani eneo la Mlima Kenya. Eti Embu na Meru watu hawapimi. Wanahesabiwa.

Aliyeipa kauli hiyo umaarufu ni mchambuzi wa siasa Mutahi Ngunyi. Mapema mwaka 2013 alitangaza kwamba uchaguzi ulikuwa umekwisha tangu tarehe 18 Desemba 2012, siku usajili wa wapiga kura ulipofungwa. Jumlisha jamii hii na ile, rais ameshapatikana, mengine ni sherehe. Nyuma yake yuko msomi mzito zaidi, Donald Horowitz, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu makabila yanayozozana alisema kwamba katika jamii zilizogawanyika uchaguzi unaweza kugeuka sensa. Horowitz ana tahadhari zake na ninamheshimu. Wafuasi wake wa redioni hawana hata moja.

Haya, tuhesabu kama wanavyotaka. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07. Hesabu iliyodaiwa kufungwa zaidi ya miezi miwili kabla ya kura ikaponea chupuchupu, na bado tunaitwa tuisujudie. Njooni mwaka 2022. Rais aliyekuwa akiondoka aliwaambia watu wa Mlima wamfuate Raila Odinga, na mgombea mwenza wa Raila alikuwa Martha Karua, binti wa Kirinyaga. Mgombea mwenza wa William Ruto alikuwa Rigathi Gachagua wa Nyeri. Kila upande ulikuwa na mtu wa nyumbani, kwa hiyo ndugu akamfuta ndugu, na wagombea wakuu wote wawili walikuwa wametoka mbali. Mlima ukamwendea Ruto. Mwenzangu mmoja, mtu ninayekula naye chakula cha mchana, aliniambia hilo linathibitisha hoja yake kwa kuwa watu walikwenda pamoja. Nilimuuliza: wakienda pamoja ni kabila, wakigawanyika ni makabila mawili, watu wafanye nini ndipo ukubali kwamba walifikiri? Nadharia isiyoweza kukosea haijasema kitu.

Lakini ushahidi wangu mkubwa ni mwaka 1992, na hapa mtanivumilia nikawie kidogo.

Mnakumbuka chama cha upinzani cha FORD kilivyovunjika. Vitabu vingi husema ni ubishi wa wakubwa wawili, Jaramogi Oginga Odinga na Kenneth Matiba, na kweli ubishi ulikuwepo. Kinachorukwa ni kwamba moja ya mambo yaliyowagawanya lilikuwa namna ya kumteua mgombea urais. Kambi ya Matiba, ile ya Muthithi House, ilitaka wanachama wote wapige kura moja kwa moja. Kambi ya Jaramogi, ya Agip House, ilitaka wajumbe. Hawakuelewana, chama kikawa viwili, Mwai Kibaki naye alikuwa tayari na chama chake cha DP, na tarehe 29 Desemba Rais Moi wa KANU akashinda kwa takriban asilimia 36. Matiba alipata kama 26, Kibaki 19, Jaramogi 17. Suala la utaratibu, ambalo wanasiasa wetu huliona la makarani, liliipa KANU miaka kumi zaidi.

Sasa tazameni Mlima katika kura hiyohiyo. Kulikuwa na wagombea wawili wa jamii moja, Matiba na Kibaki, wote mawaziri wa zamani, wote matajiri, wote wakitaka Moi aende. Kwa maneno mengine, mchujo ambao vyama vilishindwa kuuandaa uliingia kwenye uchaguzi mkuu kwa mlango wa nyuma. Matiba alikuwa amewekwa kizuizini mwaka 1990 pamoja na Charles Rubia, akaugua humo, akatibiwa London, akarudi Mei 1992 umati ukifurika barabarani. Kibaki alikuwa amebaki serikalini hadi Desemba 1991, na watu hawakumsamehe kwa kusema kwamba kuing'oa KANU ni kama kuukata mti wa mugumo kwa wembe. Mkoa wa Kati ulimpa Matiba kura nyingi zaidi. Mkoa wa Mashariki, ambao Embu na Meru zilikuwa ndani yake, ulimweka Kibaki mbele, Moi akafuata, na Matiba akabaki nyuma sana.

Nani anaweza kuniambia hiyo ilikuwa sensa? Shujaa alikuwepo, jeraha lake lilionekana kwa macho, na mkulima wa huku chini akamchagua mwenye tahadhari. Shangazi yangu, aliyelima ndengu na mtama upande wa Kiambere, kwetu Embu, unaoshuka mtoni, alitueleza sababu yake akipepeta ungo, bila hata kuinua macho: "Matiba ana hasira ya haki. Lakini mimi nina watoto shuleni." Sijawahi kusoma tafsiri nzuri zaidi ya msimamo wa wastani. Hakusema Matiba ni mbaya, wala hakumsifu Kibaki. Alipima hatari ya kila mmoja kwa nyumba yake.

Mtasema shangazi mmoja si utafiti. Basi niwaletee kitabu nikipendacho kuliko vyote, ambacho wanafunzi wangu wameshachoka kukisikia. Mwaka 1985, uleule wa kitabu cha Horowitz, Jack Glazier alitoa kitabu kuhusu ardhi na matumizi ya mila miongoni mwetu Wambeere. Nakala yangu imelegea jalada na ina madoa ya chai. Glazier alifuatilia kilichotokea serikali ilipoleta upimaji na ugawaji wa ardhi ya watu binafsi kwenye nchi yetu kavu. Ghafla kila familia ilihitaji ukoo wenye nguvu mbele ya kamati. Nasaba zilizokuwa zimesahauliana zikakumbukana, makundi madogo yakajiegemeza kwa makubwa, na masimulizi ya nani alifyeka kichaka gani yakawa silaha ya kesi. Watu walitoa hoja, wakaita mashahidi, wakahama upande. Baba yangu alikuwa shahidi katika kesi moja ya namna hiyo, na hadi anafariki hakutuambia kama alichosema ni cha kweli au ni cha kufaa.

Soma Glazier pole pole kisha urudi kwa watu wa sensa. Wanadhani undugu ni kitu kilicholala tayari, kinachosubiri kujumlishwa. Kitabu hiki kinauonyesha ukitengenezwa mchana kweupe, na watu wanaojua wanachofanya, kwa sababu wanazoweza kuzitaja. Aliyepima ukoo wa kuegemea katika kesi ya shamba anashindwaje kumpima mgombea urais? Sijapata jibu, na nimewauliza wengi.

Hapo ndipo tunafika mwaka 2007. Mbunge wetu wa Gachoka alikuwa Joseph Nyagah, mwana wa Jeremiah Nyagah, na alikuwa mmoja wa watano waliotaka tiketi ya urais ya chama cha ODM. Ng'ambo ya mto, Ukambani, Kalonzo Musyoka alikuwa na ODM-Kenya. Ikulu alikuwa Kibaki yuleyule wa 1992, akitetea kiti. Kwa mtu wa Kiambere, sehemu ambayo Wambeere na Wakamba wanauziana mbuzi na kuozana mabinti, hakuna mwaka uliokuwa na mengi zaidi ya kupima. Nilipokwenda nyumbani Agosti shangazi aliniuliza, "Sasa hiyo kura ya wale watano, sisi tunapigia wapi?"

Nilimwambia haipo. Tarehe 1 Septemba wajumbe walikutana Kasarani. Raila alipata kura 2,656, Musalia Mudavadi 391, Ruto 368, na Nyagah hakuwa mshindani wa maana siku hiyo. Jumla ya kura za hao watatu haifiki 3,500, katika nchi iliyokuwa na wapiga kura walioandikishwa zaidi ya milioni 14. Desemba ilipofika mizani ilikuwa imeshakunjwa. Zilibaki kambi mbili kubwa, kila moja ikimtisha mtu kwa nyingine, na ghasia zilizofuata Januari 2008 mnazijua. Ndipo wachambuzi wakatutazama wakasema: ona, wamepiga kura kikabila.

Nyagah alijaribu tena mwaka 2017, safari hii bila chama. Katiba, ibara ya 137, inamtaka mgombea urais aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila moja ya kaunti zilizo zaidi ya nusu, yaani kaunti 24. Hiyo ni saini 48,000. Kura zake za Agosti nchi nzima hazikufika 45,000. Wapo waliocheka. Mimi naona ushahidi: tunakusanya saini za watu ambao hatuwaombi uamuzi.

Hoja dhidi ya kuwapa wanachama wote kura ya mchujo zipo na baadhi ni nzito. Marekani, baada ya Hubert Humphrey kupewa tiketi ya mwaka 1968 bila kuingia katika mchujo hata mmoja, Chama cha Democratic kilifungua milango kwa wanachama. Mwaka 1972 wakamteua George McGovern, naye akashindwa na Nixon katika majimbo 49. Kwetu, Aprili 2017 chama cha Jubilee kilifuta mchujo wa kaunti nyingi baada ya watu kujitokeza wengi kuliko karatasi zilizoletwa. Tena kuna mlolongo wa KANU wa mwaka 1988, ambapo mwanachama alisimama hadharani nyuma ya picha ya mgombea, na aliyezidi asilimia 70 akaingia bungeni bila kura ya siri. Mwenye msimamo wa wastani ndiye wa kwanza kuumia katika foleni ya namna hiyo, maana chifu anamwona. Rais mwenyewe hakupangiwa foleni; hakuwa na mpinzani.

Nimezipima hizo zote na bado niko na Matiba: si yeye mgombea, ambaye shangazi alimkataa, ila utaratibu wake. Kura ya siri, ya kila mwanachama, kwenye shule ya msingi iliyo karibu. McGovern alishindwa na Wamarekani wengi, sawa, lakini chama kilijua kimemchagua nani na kwa nini. Na fujo za 2017 zilikuwa za watu kutaka kupiga kura.

Gharama ndiyo kisingizio cha mwisho, na ni dhaifu kuliko vyote. Aprili 2022 UDA, chama cha Ruto, ilipeleka masanduku katika kaunti nyingi kuchuja wagombea wa viti vya chini, mwezi mmoja tu baada ya mkutano wa wajumbe kumwidhinisha mgombea urais Kasarani. Makarani walikuwa vituoni, taa zilikuwepo, wino ulikuwepo, na orodha ya wanachama ilikuwa kwa Msajili wa Vyama. Karatasi ya urais haikuchapishwa.