Kaburi la Ng'ambo ya Mombasa
(Mazungumzo yaliyosomwa kwa niaba ya Kamati mbele ya Mkutano wa Mwaka)



Tumetakiwa tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hawapendi kulitaja wangali hai, nalo ni mahali pa kuzikwa. Twaomba ruhusa tuanzie mbali kidogo, Mombasa, mwaka wa 1844.

Mwezi wa Mei mwaka huo aliingia Mombasa Johann Ludwig Krapf pamoja na mkewe Rosine, mzaliwa wa Basel katika Uswisi. Walichukua barua ya Seyyid Said wa Unguja iliyowaombea wema kwa maliwali wake. Bibi huyu alikuwa mja mzito, na msiba haukuwa mgeni kwake. Mwaka uliotangulia, katika safari ya Uhabeshi, alijifungua binti njiani, nyikani kabisa, na mtoto hakuishi. Walimwita Eneba, maana yake chozi, wakamzika, wakaendelea na safari.

Mombasa walifika majira mabaya. Mvua za masika huacha madimbwi, na mbu huzaana humo. Siku zile watu walidhani homa huletwa na hewa mbaya; habari ya mbu ilithibitishwa na Ronald Ross huko Bara Hindi mwaka wa 1897. Tarehe 8 Juni Krapf alianza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi mmoja baadaye mume na mke walikuwa wamelazwa na homa nyumba moja. Rosine alijifungua binti wa pili, naye mwenyewe akafariki tarehe 13 Julai. Mtoto alimfuata mamaye baada ya siku chache.

Lakini kabla ya kukata roho alikuwa amekwisha kuagiza. Alitaka azikwe bara, wala si kisiwani, mahali wapitapo Wamijikenda na Waswahili, ili kaburi liwakumbushe kilichomleta. Basi maiti ikavushwa maji. Kaburi lingalipo hata leo upande wa Nyali, karibu na Freretown.

Hatusemi kila mtu afanye kama Bibi Krapf. Wengi wetu, na sisi tukiwamo, twataka kurudishwa tukalale karibu na baba zetu. Tunalotaka mlione ni kwamba alisema, tena mapema, na mumewe aliyekuwa hoi hakuhitaji kubahatisha.

Mwaka jana mwenzetu mmoja alifariki hapa Makongeni, baada ya kukaa mjini miaka zaidi ya arobaini. Mkewe alisema azikwe Lang'ata. Ndugu zake wakasema nyumbani. Maiti ilikaa mochwari siku 19, na fedha tulizochangia karo ya watoto zikaishia huko. Daftari letu halikuwa na neno lake hata moja.

Wazee watatukumbusha kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 akazikwa Nyalgunga Mei 1987, ya kuwa mahakama haikujifunga kwa matakwa ya marehemu. Ni kweli. Karatasi si hukumu. Hata hivyo ndugu waliokaa kikao cha matanga wakiwa na karatasi mbele yao wana pa kuanzia.

Kwa hiyo Kamati imeongeza nafasi katika fomu ya uanachama: mahali pa kuzikwa, na sahihi za mashahidi wawili, mmoja wao awe wa ukoo. Fomu ziko mezani kwa Mweka Hazina. Sisi wa Kamati tumekwisha kujaza zetu, isipokuwa wawili ambao bado wanashauriana na wake zao.