Ruhusa ya Mgonjwa wa Kisukari Katika Ramadhani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, katika nyumba zetu nyingi yumo mzee au ndugu mwenye kisukari cha aina ya pili. Ramadhani ikaribiapo, mgonjwa huyu hushikwa na hofu mbili: hofu ya kudhurika akifunga, na hofu ya macho ya watu asipofunga. Mara nyingi hofu ya pili ndiyo ishindayo. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13 ulionyesha kuwa takriban wagonjwa 8 katika kila 10 wa aina hii walifunga siku 15 au zaidi, na kwamba matukio ya sukari kushuka vibaya yaliongezeka katika mwezi huo.

Sheria yasemaje? Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na ya 185, amri ya kufunga na ruhusa ya mgonjwa zimetajwa pamoja. Mgonjwa atalipa siku nyingine. Na ambaye hatarajii kupata nguvu za kufunga atatoa fidia, kwa kumlisha maskini kwa kila siku. Aliyetoa amri ndiye aliyetoa ruhusa. Basi mwenye kuipokea ruhusa hiyo amemtii Mola wake.

Hatusemi kuwa kila mwenye kisukari asifunge. Wako ambao sukari yao imetulia, nao huweza kufunga kwa salama. Wako pia ambao mafigo au moyo umekwisha dhurika, au ambao sukari huwashuka ghafula. Hao wamo hatarini. Wa kuwapambanua ni daktari, naye aendewe tangu mwezi wa Rajabu, wiki 6 hadi 8 kabla ya kufunga. Mgonjwa asijipangie dawa mwenyewe, kwani viko vidonge vinavyolisukuma kongosho kutoa insulini, na vikimezwa wakati wa daku bila kurekebishwa kipimo huweza kumwangusha mchana.

Wengine huogopa kujichoma kidole wapime damu, wakidhani saumu itabatilika. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kuwa damu itolewayo kwa ajili ya kupimwa haibatilishi saumu, wala sindano ya dawa isiyokuwa ya lishe. Basi apime bila ya wasiwasi. Akiikuta sukari iko chini ya milimoli 3.9 kwa lita, yaani miligramu 70 kwa desilita, au imepita 16.7, yaani miligramu 300, na afungue papo hapo, hata ikiwa adhana ya Magharibi imekaribia. Afungue vilevile akitetemeka, akitokwa na jasho la baridi au akichanganyikiwa. Aliyeshukiwa na sukari apewe upesi maji ya sukari. Aliyepandiwa anywe maji matupu na apelekwe kwa daktari.

Nanyi wenye nyumba mna wajibu. Futari ya mgonjwa isitawaliwe na tambi za sukari, kaimati na sharubati, na daku lake licheleweshwe kama ilivyo Sunna. Tena, siku atakayokula mchana, asilazimike kula kwa kujificha kama mwizi. Apelekewe chakula chake kwa heshima, wala watoto wasimcheke. Ulimi wetu usije ukamrudisha kwenye funga ambayo Mola wake amemwondolea.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awakubalie waliofunga na waliopewa udhuru, na atujaalie huruma baina yetu. Amin. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.